Posa Iliyojibiwa na Baba

"Mashuka mawili."

"Yamo."

"Foronya mbili. Taulo. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko."

Shangazi Mwanamkuu aliinua kichwa kutoka kwenye sanduku la bati. "Sahani? Chuo kikuu kizima cha serikali hakina sahani?"

"Ndivyo barua inavyosema, Shangazi."

"Haya, sahani imo. Karanga je? Hawakuandika karanga? Na asali?"

Kuluthumu akacheka. Ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa mwezi wa saba mwaka 1970, na nyumba ya Mzee Nassibu, fundi cherehani wa Tabora mjini, ilikuwa na pilikapilika kama nyumba inayongoja bwana harusi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuingia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Waranti ya treni ilikuwa imekwishafika, na safari ilikuwa Jumamosi. Tangu barua ilipokuja, hapakuwa na mpita njia aliyesalimika mbele ya baraza ile. Mzee Nassibu aliwasimamisha wote akawaonyesha bahasha, hata wasiojua kusoma. "Wewe tazama mhuri tu," aliwaambia.

"Tena sanduku lenyewe lilivyo zito!" Shangazi alilisukuma kwa goti. "Laiti ungemkubali yule kijana wa reli, angekubebea mpaka huko huko."

"Kijana gani wa reli?"

"Kwani wako wangapi? Selemani wa Usoke, aliyeleta posa ulipokuwa jeshini."

Foronya ikamponyoka Kuluthumu mkononi.

"Selemani alileta posa?"

"Alileta. Mwezi wa pili. Baba yake mdogo, Mzee Abbasi, ndiye aliyekuwa mshenga. Si ulimwandikia baba yako mwenyewe kutoka kambini kwamba humtaki, unataka kusoma?"

"Mimi? Sikuandika barua kama hiyo, Shangazi. Wala sikuambiwa kama kuna posa."

Shangazi Mwanamkuu alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Macho yalimtoka.

"Lo! Mdomo wangu huu utanikosanisha na kaka yangu!"

Kuluthumu akakaa juu ya kitanda.

Selemani Lugembe alikuja Tabora kusomea kazi ya reli, na siku ya kwanza tu alileta kitambaa kwa Mzee Nassibu ashonewe sare. Mzee alipima, Kuluthumu, aliyekuwa likizo, akaandika vipimo kwenye daftari. Suruali ile ikapendeza. Hata hivyo kijana alirudi mara tatu kutaka ipunguzwe kiuno, na wala hakuwa amekonda. Mara ya tatu Kuluthumu alimwambia, "Kaka, ukirudi tena utatembea na kaptula." Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Walipendana miaka miwili kwa adabu, kwa barua na salamu. Kijana akamaliza mafunzo, akapangiwa ukarani wa stesheni Usoke. Kuluthumu alipomaliza kidato cha sita na kuitwa kwenda kulijenga taifa, waliagana hivi: mwezi wa pili Selemani atatuma wazee wake.

Mwezi wa sita Kuluthumu alirudi kutoka jeshini, akakuta kimya. Binti wa watu hamwendei baba yake kumuuliza kama ameposwa. Akalimeza swali lake. Alijisemea kwamba Selemani amebadili moyo, kama walivyobadili wengine. Majirani walipompigia vigelegele vya chuo kikuu, alitabasamu kwa mdomo tu.

Sasa alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akatoka barazani.

Mzee Nassibu alikuwa ameinamia cherehani yake, anashona gauni la nne la chuo, refu, la kupita magoti, maana alikwisha kutangaza kwamba binti yake hatasomeshwa na serikali huku magoti yako nje.

"Baba, naomba kukuuliza neno."

"Uliza, mwanangu. Shingo iwe ya duara au ya pembe?"

"Selemani Lugembe alileta posa?"

Gurudumu la cherehani likasimama. Mzee hakuinua uso upesi. Alikata uzi, akaichomoa sindano, akaichomeka kwenye kola ya kanzu yake.

"Alileta."

"Na ulimjibu nini?"

"Nilimwambia mshenga kwamba umeniandikia. Kwamba hutaki."

"Baba!"

"Nilisema uongo. Sina pa kujificha, Kulu. Nilisema uongo mimi, mtu mzima mwenye mvi."

"Selemani alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Kijana yule nampenda." Mzee aliweka mkasi chini. "Unamkumbuka dada yako Tatu alipokuwa shule? Darasani alikuwa wa kwanza, wavulana wote nyuma yake. Mwalimu wake alikuja hapa hapa, akakaa kwenye mkeka huu, akanisihi nimwache aendelee. Mimi nilikuwa nimekwishapokea posa. Nikamwoza. Siku anakwenda kwa mumewe Kaliua, aliniletea daftari zake zote amezifunga kwa kamba. Akasema, 'Baba, nitunzie.' Ninazo mpaka leo. Nikiziona kifua kinanibana. Basi ilipokuja posa yako, nikaona yale yale yanarudi. Nikasema, safari hii hapana."

Kuluthumu alitaka kukasirika kwa ukamilifu, lakini hasira ilikataa kusimama wima.

"Selemani alisema atanikataza kusoma?"

"Hakusema."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Na mimi, Baba? Uliniuliza?"

Mzee Nassibu alikung'uta vipande vya uzi mapajani.

"Kesho nakwenda Usoke na treni ya asubuhi," Kuluthumu alisema. "Nitarudi na ya jioni. Naomba ruhusa yako, kwa sababu mimi nina desturi ya kuomba."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kumwambia kwamba sikuandika."

"Na ukimkuta ameoa?"

Swali hilo lilimchoma, lakini hakuonyesha.

"Nitampa hongera, nirudi kufunga sanduku langu."

Mzee akalikunja gauni la chuo. Kisha akasema, "Nenda. Ila vaa viatu vizuri. Usiende kwa watu kama umefukuzwa."

* * *

Treni ilipofunga breki Usoke, Selemani alikuwa amesimama penye ubao wa stesheni na bendera ya kijani mkononi. Sare aliyovaa ilikuwa ile ile. Kuluthumu alishuka peke yake. Wengine walioshuka walikuwa wakulima wa tumbaku na vikapu vyao.

Selemani alimwona. Akapepea bendera, treni ikaondoka, naye akabaki anaipepea hata behewa la mwisho lilipokwisha kupita.

"Treni imekwenda," Kuluthumu alimwambia.

Akaikunja bendera. "Umekosea stesheni, dada."

"Sikukosea. Na usiniite dada. Treni ya kurudi ni saa ngapi?"

"Saa tisa, ikiwahi. Haijawahi kuwahi tangu nifike hapa."

"Basi muda tunao."

Selemani alimpeleka kwenye benchi lililokuwa mbele ya ofisi, mahali pa wazi penye watu, asije akasemwa vibaya. Akamletea maji. Yeye mwenyewe akabaki amesimama kama mtu aliyeitwa kuhojiwa.

"Nimesikia umepata chuo kikuu," alisema. "Hongera. Nilifurahi kweli."

"Ulifurahi, hata salamu hukutuma?"

"Kuluthumu, nilituma wazee. Wakarudi na jibu lako. Mtu akikwambia hakutaki, unamtumia salamu za nini?"

"Hilo jibu halikuwa langu."

"Ati nini?"

"Sikuandika barua yoyote. Sikujua kama posa imekuja. Nimejua jana, nikipanga mashuka."

Selemani akakaa. Alikaa chini kabisa, sakafuni, mgongo ukutani, bendera mapajani.

"Sasa nani..."

"Baba. Aliogopa nikiolewa sitasoma. Amekiri mwenyewe, na ameumia. Sikuja kukueleza ubaya wake."

Simu ya ofisini ikalia. Selemani aliruka ndani.

"Usoke hapa! Ndiyo, bwana mkubwa. Ya mizigo imepita salama. Ndiyo, njia iko wazi... Hapana, sina mafua, ni sauti tu."

Akatoka anajipangusa macho kwa mkono wa shati. Kuluthumu akajifanya anatazama magunia yaliyorundikwa jukwaani.

"Miezi mitano!" Selemani alisema. "Miezi mitano najiuliza nilikukosea nini. Kulu, baba mdogo alishindwa kuniona hivi. Wananitafutia mchumba Urambo. Alhamisi hii wanakwenda kuonana na wazee wake."

Kuluthumu akaweka maji chini. "Unampenda?"

"Sijamwona hata sura. Niliwaambia tu fanyeni mnavyotaka. Mtu aliyechoka hajali anapopelekwa."

"Basi nikwambie kitu, Selemani, na usinikatize." Alisimama. "Baba yangu alisema mimi sitaki. Wewe ukaamini kwamba mimi sitaki. Mshenga akakunja mwavuli, akaondoka na maneno yangu ambayo sikuyasema. Mmekaa wanaume watatu mkajadili ninachokitaka, na mimi mwenyewe niko hai, najua kusoma na kuandika, na kambi ina anwani! Hata mmoja hakuandika kuniuliza. Nilivyolia kule kambini kwa kukosa habari zako, nikilima mahindi huku nalia, wenzangu wakidhani ni jembe!"

Mama mmoja mwenye kikapu cha viazi akaacha kutembea ili asikilize vizuri.

Selemani aliinamisha kichwa. "Umesema kweli. Niliona aibu, nikaiita aibu hiyo heshima. Nisamehe."

"Sitaki 'nisamehe' peke yake. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Mwulize, baba, usimpotezee mwenzio muda!" alisema yule mama wa viazi.

Selemani akainuka, akavaa kofia yake ya kazi, akaivua tena kwa kutojua aishike wapi.

"Kuluthumu binti Nassibu. Unataka nini?"

"Nataka vyote viwili. Nataka kwenda chuo kikuu, nisome nimalize, niwe mwalimu wa sekondari. Na nakutaka wewe. Kama huwezi kimoja, sema sasa hivi, ili nijue napanda treni na kipi."

"Masomo ni miaka mingapi?"

"Mitatu. Likizo nitakuwa narudi."

Selemani akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi ni mtu wa reli, Kulu. Kazi yangu ni kungoja. Nangoja treni zisizokuja, nitashindwa kukungoja wewe unayekuja?"

"Hapana, hujanielewa. Ungoje, ndiyo, lakini ungoje ukiwa mume wangu. Ahadi nimekwishaishi nayo miezi mitano, najua ladha yake. Safari ni Jumamosi. Ndoa iwe Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Hii."

Bendera ikaanguka. "Leo ni Jumanne!"

"Siku za wiki nazijua, nimefika hadi chuo kikuu."

Mama wa viazi akatua kikapu chini, akapiga kigelegele kirefu hata mkuu wa stesheni akatoka ofisini kwake akidhani treni imeua ng'ombe.

* * *

Treni ya saa tisa ilifika saa kumi na moja, kama ilivyotabiriwa. Kuluthumu alipoteremka Tabora, jua lilikuwa limekwisha kuzama, na Mzee Nassibu alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wa mizigo jukwaani, kanzu yake ina vumbi. Alikuwa pale tangu adhuhuri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ameoa?"

"Bado."

Mzee alivuta pumzi. Kisha, kwa woga wa mtoto mdogo, akauliza, "Na chuo? Utakwenda?"

"Nitakwenda, Baba. Hakuna siku niliyosema sitakwenda."

Walitembea hatua kadhaa kuelekea mjini. Karibu na miembe ya barabarani mzee akasimama katikati ya watu.

"Kulu, mwanangu, nisamehe. Nilimkosea Tatu kwa kutomwuliza. Halafu, ili nisirudie kosa, nikalirudia lile lile kwa upande wa pili."

Kuluthumu alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoanza kufunga kanga.

"Nimekusamehe. Lakini kuna kazi, Baba. Nataka kuolewa Ijumaa, niondoke Jumamosi."

"Ijumaa hii?" Mzee alishika kichwa. "Siku tatu! Nguo ya harusi itapatikana wapi?"

"Kwani wewe kazi yako nini?"

Mzee Nassibu akamtazama binti yake. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega hata kofia ikateleza. Walicheka wote wawili njia nzima, na watu wakasema chuo kikuu kimempandisha mzee wazimu.

Asubuhi yake, posta ilipofunguliwa tu, mzee alikuwa wa kwanza dirishani. Karani alihesabu maneno, akamtazama, akauliza kama ana hakika. Simu ya maandishi ilifika Usoke kabla ya saa nne:

SELEMANI LUGEMBE STESHENI USOKE. NILIYOYASEMA SIYO. JIBU NI NDIYO. NJOO IJUMAA NA WAZEE. USIHANGAIKE NA KANZU VIPIMO VYAKO NINAVYO. NASSIBU FUNDI.

Jibu lilirudi mchana huo huo:

MZEE NASSIBU TABORA. TUNAKUJA WOTE. URAMBO HAWAENDI TENA. SIJAKONDA. SELEMANI.

* * *

Cherehani ya Mzee Nassibu haikupumzika siku mbili. Kitambaa cheupe alichokiweka kwa ajili ya blauzi za chuo kikawa nguo ya bibi harusi, na mzee akaapa kwamba wasomi wengine watavaa blauzi, mwanawe atatosheka na magauni. Shangazi Mwanamkuu, aliyekuwa akimkwepa kaka yake tangu Jumatatu, aliitwa, akakabidhiwa jiko. Alhamisi jioni Tatu alifika kutoka Kaliua na watoto wanne na kuku watatu. Hakuuliza maneno mengi. Alimkumbatia mdogo wake, akasema, "Nimesikia ulikwenda Usoke peke yako. Laiti na mimi ningekuwa na miguu hiyo!" Kisha akaenda kupepeta mchele.

Kuhusu mahari Kuluthumu alitaja mwenyewe: kamusi kubwa ya Kiingereza. Mzee Abbasi, yule mshenga, alisema katika maisha yake amebeba mahari za kila namna, lakini ya kusomwa hajapata kuibeba.

Ijumaa baada ya sala, wanaume walijaa barazani, wanawake ndani. Selemani aliketi mbele ya sheikh na kanzu mpya iliyomkaa sawasawa. Sheikh akamgeukia Mzee Nassibu.

"Mzee, nenda kamwulize binti."

Mzee alinyanyuka. Alivuka kizingiti, akasimama nje ya pazia la chumba. Ndani, Kuluthumu alikuwa amefunikwa shela, Tatu upande huu, Shangazi upande ule.

"Kuluthumu binti Nassibu," mzee alianza. Akaiweka sawa kofia, akaanza upya. "Mwanangu. Selemani bin Lugembe anataka kukuoa, kwa mahari ya kamusi. Mimi baba yako nakuuliza. Umeridhia?"

Mwari wa Kitabora akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kuridhia. Shangazi alimbana mkono kumkumbusha. Ukimya ukatanda nyumba nzima.

"Baba," Kuluthumu aliita.

"Naam, mwanangu?"

"Niulize tena. Napenda kusikia ukiniuliza."

Barazani watu wakaguna. Mzee Nassibu akashika mwimo wa mlango, akauliza tena, polepole, neno kwa neno, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Nimeridhia, Baba!" Kuluthumu alijibu kwa sauti iliyofika barazani, ikafika barabarani, na wengine wanasema ilifika sokoni. "Nimeridhia, na kesho nakwenda chuo!"

Vigelegele vilipasuka. Shangazi Mwanamkuu aliyekuwa tayari kumkanya alisahau, akapiga cha kwake kikawapita wote. Huko nje Selemani alitamka "nimekubali kumwoa" kabla sheikh hajamaliza kumwuliza, ikabidi arudie, na baraza zima likacheka.

* * *

Jumamosi nusu ya mtaa ilihamia stesheni. Selemani alikuwa ameomba siku nne za mapumziko, na kwa kuwa mtu wa reli husafiri bila tikiti, alikuwa anakwenda na mkewe mpaka Dar es Salaam, amwone ameingia bwenini, ndipo arudi kazini. Sanduku la bati alilibeba yeye begani. Shangazi alipitisha dirishani kibuyu cha asali na karanga za kutosha bweni zima.

"Ukifika uandike," alisema.

"Nitaandika, Shangazi."

"Mwandikie kila mtu bahasha yake. Nyumba hii barua zisipitie mkono mmoja tena."

Mzee Nassibu alisikia, akainama, akacheka taratibu. Alishika mkono wa Kuluthumu dirishani. "Soma, mwanangu. Mumeo huyu hapa, baba yako huyu hapa. Usiwe na hofu ya huku nyuma."

Filimbi ikalia. Mabehewa yakagongana, yakaanza kusogea. Kuluthumu alitoa kichwa dirishani, Selemani amemshika kiuno asije akaanguka, na watu wakawa wanapunga vitambaa.

Ndipo alipomwona baba yake anamgeukia Tatu, aliyesimama pembeni na mtoto mgongoni. Treni ilikuwa bado inakwenda mwendo wa mguu, na maneno aliyasikia.

"Tatu, mwanangu," mzee alisema. "Na wewe, unataka nini?"

Tatu alimtazama baba yake. Alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha asiyoizoea. Kisha uso wote ukamfunguka kwa kicheko.

"Leo nataka chai, Baba," alisema. "Miguu inaniuma. Tukishakunywa, nitakwambia yaliyobaki. Ni mengi."

Mzee akamshika mkono, wakaanza kutembea.